Barua ya mistari mitatu: nilivyoomba ukaazi wa Kanada bila wakala

Barua ya kwanza niliyopewa kazini ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema mimi ni mfanyakazi wa hospitali hiyo, kitengo cha maabara, tangu mwaka 2019, na kwamba ni mwaminifu na mwenye nidhamu. Chini kulikuwa na sahihi na muhuri wa buluu. Dada wa ofisi ya utumishi alinikabidhi kwa mikono miwili, akanitakia kila la heri. Nilishukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje na kuisoma tena. Ilikuwa barua nzuri ya kuombea mkopo. Kwa safari niliyokuwa nayo mimi haikufaa hata kidogo.

Nimeanza na barua hiyo kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza niliwezaje kuomba ukaazi wa kudumu wa Kanada peke yangu, na karibu wote wanadhani ugumu uko kwenye fomu. Fomu ziko mtandaoni, zinajazwa kwa Kiingereza cha kawaida, na kila swali lina maelezo pembeni. Kilichonila miezi ni karatasi za maisha yangu mwenyewe: nilifanya kazi gani, tangu lini, kwa saa ngapi, pesa zangu zilitoka wapi, jina la baba yangu linaandikwaje. Hayo hakuna wakala wa kuyajua kuliko mimi, na hata ningemlipa, angenituma mimi mwenyewe niyatafute.

Wakala nilimjaribu. Mwaka 2022 nilikwenda kwenye ofisi moja iliyokuwa na picha za maporomoko ya maji ukutani na viti vya ngozi. Alitaka shilingi milioni saba, nusu kabla ya kuanza. Aliomba nakala ya digrii na picha ndogo za pasipoti, basi. Hakuniuliza nina miaka mingapi ya kazi. Nilipomuuliza kuhusu pointi, alisema, "Dada, pointi tutazipandisha. Tutakutafutia barua ya ajira kutoka kampuni ya huko." Wakati ule barua ya ajira iliyotimiza masharti ilimwongezea mtu wa kada yangu pointi 50. Nikauliza kampuni gani. Akasema hilo niwaachie wao, wote wanafanya hivyo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua tovuti ya idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC, nikaanza kusoma. Nilikutana na mambo mawili yaliyonifanya nisirudi kwenye ofisi ile. La kwanza, idara yenyewe inasema hulazimiki kumtumia mtu yeyote, na ombi lililoletwa na wakala halipewi uzito wa pekee. La pili, anayelipwa kwa kazi hiyo lazima awe mwanachama wa chombo cha washauri wa uhamiaji cha Kanada, CICC, au awe wakili aliyesajiliwa huko, au mthibitishaji hati wa Quebec. Daftari la CICC liko wazi mtandaoni, unaandika jina na kuona. Niliandika jina la yule bwana. Halikuwemo.

Kuna na jambo la tatu, nililolielewa baadaye: ukikutwa na maelezo ya uongo kwenye ombi lako, sheria ya Kanada inakufungia mlango miaka 5. Haijalishi nani aliyeyaandika. Ile barua ya ajira ya kutengenezwa ingekuwa na jina langu, na adhabu ingekuwa yangu.

Tulikuwa na muuguzi wa wodi ya watoto ambaye alishalipa. Wakala wake alimfungulia akaunti kwa barua pepe ya wakala, na nywila hakuwahi kupewa. Kwa miezi aliambiwa "inashughulikiwa". Jioni moja alikuja maabara ameshika simu, amefanikiwa hatimaye kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Humo ndani kulikuwa na barua inayomtaka apeleke cheti kimoja ndani ya siku 30, na siku hizo zilikuwa zimepita kitambo. Alisimama pale dirishani tunapopokelea sampuli, hakulia, aliniuliza tu kama nadhani kuna namna. Sikuwa na jibu. Hata leo nikimkumbuka pale dirishani najisikia vibaya. Kwa hiyo kama kuna jambo moja tu utakalolibeba kutoka kwenye makala hii, hata ukiamua kumlipa mtu mwenye leseni halali: akaunti iwe kwa barua pepe yako, na nywila uwe nayo wewe.

Nieleze sasa mfumo wenyewe, kwa sababu ukishauelewa hofu inapungua. Unaitwa Express Entry, na ulianza Januari 2015. Kwa sisi tulio nje na hatujawahi kufanya kazi Kanada, mlango wa kawaida ni ule wa wafanyakazi wenye ujuzi. Kwanza unapita kwenye chekecheo la pointi 67 kati ya 100: lugha, elimu, uzoefu, umri, na mambo mengine mawili. Ukivuka, unaingia kwenye orodha ya wanaosubiri mwaliko, na humo unapewa pointi nyingine kabisa, zinazofika hadi 1,200. Watu wengi huchanganya hesabu hizi mbili. Ya kwanza inasema unaruhusiwa kuingia kwenye foleni. Ya pili inasema umesimama nafasi ya ngapi.

Kila baada ya muda idara inafanya mchujo: inawaalika wenye pointi kuanzia kiwango fulani kwenda juu. Kuanzia kati ya mwaka 2023 wakaongeza michujo ya fani maalumu, na afya ikawemo. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali, nina digrii, na kazi yangu kwenye orodha ya kazi ya Kanada ina namba 32120. Hapo nilianza kuona mwanga.

Kiingereza ndicho kilichobeba uzito mkubwa kuliko nilivyodhani. Mtihani wa IELTS una aina mbili, na kwa ukaazi wa Kanada unatakiwa ule wa General Training. Najua mtu aliyefanya ule wa Academic, akapata alama nzuri sana, na hazikumsaidia. Nilifanya mara ya kwanza Dar es Salaam, Mei 2023. Kusikiliza 7.5, kusoma 7.0, kuandika 6.5, kuongea 7.0. Nilirudi Mwanza nimefurahi. Kisha nikakaa na kikokotoo cha pointi kwenye tovuti ya idara, nikaona 360.

Nikabadilisha namba mbili tu, kwa kujaribu. Kusikiliza nikaweka 8.0, kuandika 7.0. Ikasoma 411. Nikafuta, nikaweka tena, kwa sababu sikuamini. Nusu mbili, pointi 51. Sababu ni kwamba ukifikia kiwango cha lugha wanachokiita CLB 9 kwenye vipengele vyote vinne, si lugha peke yake inayopanda. Digrii yako na uzoefu wako navyo vinahesabiwa upya juu yake. Miaka yangu mitatu ya kazi na zaidi ilikuwa inanipa pointi 25 za nyongeza. Kwa Kiingereza kile ingenipa 50. Hakuna barua ya kughushi inayoishinda hesabu hiyo, na ada ya mtihani wa pili haikuwa hata robo ya alichotaka wakala.

Nilijiandaa wiki kumi. Kwenye kusikiliza, kanda inachezwa mara moja tu, na mimi nilizoea kusubiri nirudiwe, kama tunavyomwambia mgonjwa arudie jina. Nilijifunza kuachilia swali lililonipita na kuwahi linalofuata. Kwenye kuandika tatizo lilikuwa jingine. Nilikuwa naandika insha kama tulivyofundishwa shuleni, utangulizi mrefu wa heshima kabla ya kusema unachotaka. Mume wangu aliweka saa ya simu mezani: dakika 20 za barua, dakika 40 za insha, akanikataza kugusa kalamu zikiisha. Alikuwa anasoma sentensi ya kwanza tu na kuniuliza, "Unakubali au unakataa?" Kama hakuona jibu, ananirudishia karatasi. Agosti nilipata 8.0, 7.0, 7.0, 7.0. Kila kipengele kilikaa juu ya mstari bila kuzidi hata nusu.

Wakati huohuo nilikuwa nimetuma digrii yangu ikathaminiwe na WES, moja ya taasisi zinazokubalika. Hapa subira inahitajika: matokeo ya masomo hayatoki mkononi mwako, chuo chenyewe ndicho kinachoyatuma. Nilikwenda ofisi ya msajili mara tatu. Mara ya tatu nilibeba maelekezo yaliyochapishwa, nikayaweka mbele ya mhusika, na siku ileile ikatumwa. Tangu hapo kila ofisi niliyokwenda nilibeba maelekezo yaliyochapishwa.

Septemba 2023 niliingia kwenye orodha nikiwa na pointi 411. Oktoba 26 wakafanya mchujo wa afya: watu 3,600, kiwango 431. Nilikuwa chini kwa 20.

Mume wangu alikuwa na digrii iliyothaminiwa, tayari imeniongezea pointi 8. Kiingereza chake hatukukipima kwa sababu tulidhani mwombaji mkuu ndiye anayehesabiwa. Tulipokisoma kipengele cha mwenza tukaona akipata 6.0 kila mahali ataongeza pointi 3 kwa kila kimoja, jumla 12. Safari hii ikawa zamu yangu kushika saa. Alifanya mtihani Novemba, akapata, na Desemba tukawa na 423. Bado tulikuwa chini ya kiwango cha Oktoba. Na kulikuwa na kitu kinachonisumbua kila nikilala: Aprili 3 ningetimiza miaka 30. Kuanzia miaka 20 hadi 29 umri unakupa pointi zote. Ukigusa 30, kwangu mimi zingekatwa 5. Ningebaki na 418.

Februari 14, 2024, nilikuwa zamu ya usiku. Kulikuwa na mama aliyejifungua na kupoteza damu nyingi, nikaoanisha chupa mbili za damu na yake, nikazitoa, nikarudi kusubiri kama wataita ya tatu. Hawakuita. Saa tisa usiku nilivua glavu, nikanawa, nikafungua simu. Kwenye akaunti kulikuwa na ujumbe mpya. Mchujo wa afya, watu 3,500, kiwango 422.

Nilizidi kwa pointi moja. Nilikaa kwenye kiti kile kirefu cha hadubini nikamshukuru Mungu kwa sauti, na mlinzi akachungulia kuuliza kama kuna tatizo.

Mwaliko unakupa siku 60. Za kwangu zingeisha Aprili 14. Ukisikia siku 60 unaona ni nyingi, lakini ofisi zetu zina likizo, zina semina, zina "njoo kesho". Ningekuwa sijaanza kukusanya mapema, nisingefika.

Nirudi kwenye barua ya mistari mitatu. Kanada wanataka barua ya mwajiri iwe na cheo chako, tarehe ulizoanza na kumaliza, saa unazofanya kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu yako. Iwe kwenye karatasi rasmi ya ofisi, na sahihi ya anayekusimamia au ya utumishi. Majukumu ndiyo roho ya barua, kwa sababu afisa hasomi cheo chako, anasoma unachofanya na kulinganisha na orodha yao. Mtu wa namba 32120 na msaidizi wa maabara wa namba 33101 wanaweza wote kuandikwa "mfanyakazi wa maabara". Wanatofautishwa na kazi za kila siku.

Dada wa utumishi aliposikia mshahara uandikwe, alikataa. "Mshahara ni siri, mdogo wangu." Sikubishana. Nilimwonyesha karatasi ya maelekezo, nikamwambia siri hiyo ni yangu na mimi ndiye ninayeomba ifunuliwe. Akasema lete rasimu, mkuu wa maabara aikubali kwanza.

Nikaandika: kusoma slaidi za malaria, kupima picha kamili ya damu kwa mashine, kuoanisha damu kabla mgonjwa hajaongezewa, kupima kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, kufanya udhibiti wa ubora kila asubuhi kabla ya sampuli ya kwanza, kusimamia wafanyakazi wa chini. Mkuu wa maabara aliisoma amesimama, kalamu mkononi. Alifika mstari wa mwisho, akaukata. "Husimamii mfanyakazi yeyote hapa," akasema, "unaelekeza wanafunzi wa mazoezi. Andika hivyo." Nilihisi uso umepata moto, kwa sababu alikuwa sahihi, na mimi niliyemkimbia wakala kwa sababu ya uongo nilikuwa nimejiongezea kidogo bila hata kujua. Nikarekebisha. Barua iliyotoka ilikuwa kurasa mbili, saa 45 kwa wiki, mshahara umetajwa, na kila neno ndani yake lingeweza kuulizwa nikajibu. Ushauri wangu hapa ni huu: usinakili majukumu kutoka tovuti ya Kanada neno kwa neno. Kazi yako ina maneno yake. Yaandike hayo.

Niliambatanisha mkataba, hati za mishahara na taarifa ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Hapo tukakuta kasoro. Mkataba ulionyesha nimeanza Agosti 2019, michango ilianza Oktoba. Miezi ile ya majaribio haikuwa imechangiwa. Ningeweza kunyamaza, nikitumaini hakuna atakayelinganisha. Niliandika barua fupi ya maelezo: tarehe hizi mbili zinatofautiana kwa sababu hii, na uthibitisho ni hati ya mshahara ya Agosti. Barua za maelezo ni rafiki mkubwa wa anayeomba peke yake. Popote karatasi mbili zisipokubaliana, eleza kabla hujaulizwa. Nilizoandika zilifika nne, na moja ilikuwa ya jina la baba: cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cha kidato cha nne kinasema Johana. Wakili wa mjini alinitengenezea hati ya kiapo kwa siku moja. Cheti chetu cha ndoa kilikuwa kwa Kiswahili kitupu, kwa hiyo kilihitaji tafsiri iliyothibitishwa. Kazi hiyo Baraza la Kiswahili, BAKITA, wanaifanya.

Pesa. Familia ya watu watatu wakati ule ilitakiwa kuonyesha dola za Kanada 21,055, kama shilingi milioni 40 kwa thamani ya siku zile. Hulipi pesa hizo kwa mtu, unaonyesha tu kwamba unazo za kuanzia maisha, na kiasi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo angalia cha mwaka wako. Kiwanja hakihesabiwi, wala ng'ombe, wala pesa iliyo kwenye kikoba mpaka iingie benki kwa jina lako au la mwenza anayesafiri nawe. Tuliuza kiwanja chetu cha Buswelu Julai 2023, na nakiri siku ya kusaini serikali ya mtaa nilitetemeka mkono, kwa sababu mwaliko wenyewe haukuwepo. Lakini wanaangalia wastani wa miezi sita. Pesa ikiingia yote wiki moja kabla ya kutuma ombi, itaonekana ya kuazima. Sisi tulikuwa na mkataba wa mauziano, na kila kiasi kikubwa kilichoingia kilikuwa na karatasi yake. Barua ya benki nayo ilirudiwa: ya kwanza ilitaja salio pekee, wakati inatakiwa ionyeshe akaunti ilifunguliwa lini, wastani wa miezi sita, na madeni.

Tulipofika Machi katikati, nikiwa najiona nimemaliza, nilisoma tena maelekezo ya cheti cha polisi. Kinatakiwa kutoka kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Vya Tanzania tulikuwa navyo. Mume wangu alisoma Kampala, akamaliza 2016.

Hatukuwa tumeliwaza kabisa. Kampala tunaiona jirani, mtu anakwenda harusini na kurudi. Nilimwonyesha ule mstari, akakaa kimya, kisha akaenda kukata tiketi. Alipanda basi kupitia Bukoba na Mutukula, akatoa alama za vidole kwenye ofisi ya Interpol ya polisi wa Uganda, ambao ndio wanaotoa cheti hicho. Ilikuwa wiki inayoelekea Pasaka. Ijumaa Kuu ofisi zimefungwa, Jumatatu ya Pasaka zimefungwa. Alilala kwa rafiki yake wa chuo huko Wandegeya, akinitumia ujumbe kila jioni: "Bado." Aprili 3 nilitimiza miaka 30 bila yeye. (Ukitimiza umri baada ya kupata mwaliko, pointi zile hazikuhukumu, wana utaratibu unaokulinda.) Cheti kikatoka, akarudi nacho ndani ya bahasha aliyoivaa kifuani chini ya shati, na kesho yake ilikuwa Idi.

Tulituma ombi Aprili 11. Ada zilikuwa dola 1,365 kwa kila mtu mzima na 230 kwa mtoto. Alama za vidole 170 kwa familia. Jumla karibu shilingi milioni sita. Kadi yangu ilikataa mara mbili kwa sababu ya ukomo wa siku, mpaka benki ilipoupandisha. Aprili 30, 2024 ada ya mtu mzima ilipanda hadi 1,525, kwa hiyo kuwahi kule kulituokolea kitu. Baadaye tuliitwa Dar kwa alama za vidole, na kwa vipimo vya afya kwa daktari aliye kwenye orodha yao, si daktari yeyote. Siku hizi vipimo hivyo vinatangulia: tangu Agosti 21, 2025 unavifanya kabla ya kutuma ombi, basi viweke kwenye hesabu ya siku zako 60.

Majibu yalikuja Oktoba. Januari 2025 tulishuka Edmonton na mtoto amevikwa makoti mawili.

Sitaki mtu anisome akadhani njia yangu iko wazi vilevile leo. Mei 2, 2025 mchujo wa afya ulihitaji pointi 510. Mimi na 423 zangu nisingeitwa. Pointi za barua ya ajira zilifutwa Machi 25, 2025, na anayekuuzia barua hiyo leo anakuuzia karatasi tupu. Kuna kundi moja la wasemaji wenzangu wa Kiswahili ambao nafasi yao ni kubwa na wengi hawajui: ndugu zetu wa Lubumbashi, Bukavu, Goma na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa. Kanada inawatafuta wanaojua Kifaransa waishi nje ya Quebec, na mchujo wao wa Machi 21, 2025 ulishuka hadi 379. Mtihani ni TEF Canada au TCF Canada. Ningekuwa na Kifaransa chao ningeufanya kabla ya kitu kingine chochote.

Na wenzangu wa afya: ukaazi haukupi leseni. Nilijua hilo kabla ya kuja na bado liliniuma. Huku mafunzo yako yanathaminiwa upya, halafu kuna mitihani. Sasa hivi nafanya kazi ya kupokea na kupanga sampuli, na usiku nasoma. Mirija ni ileile, vifuniko vya zambarau na vyekundu. Kugusa hadubini bado. Wakala wangu asingeniambia hilo, maana malipo yake yalikuwa yanaishia uwanja wa ndege.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia kutoka Geita. Ni fundi umeme mgodini, ana miaka 27, na kuna mtu amemwahidi kumfikisha Kanada kwa milioni nane. Alitaka nimwongezee mbili. Nilimwambia pesa nitampa, lakini ya ada ya IELTS, na aniletee kwanza kitu kimoja: barua ya kazini yenye tarehe, saa, mshahara na anachofanya kila siku kwa maneno yake mwenyewe. Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kunitajia, taratibu, kama anayehesabu vifaa kwenye boksi: kufunga mota, kutafuta hitilafu kwenye paneli, kupima nyaya kabla ya umeme kuwashwa. Nilikuwa jikoni, nikavuta bahasha ya bili ya umeme, nikawa naandika nyuma yake.

Jana amenitumia ujumbe. Afisa utumishi yuko likizo, anarudi Jumatatu.